Sindano ya miezi sita si chanjo, hata kama inakinga kuliko chanjo nyingi

Dozi za kwanza za lenacapavir zilipoanza kuingia Afrika mwishoni mwa 2025, zikianzia Eswatini na Zambia, jina lilikuwa limeshatangulia mbele ya dawa. Vijiweni, kwenye makundi ya WhatsApp na hata kwenye baadhi ya vichwa vya habari, sindano hii ya kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU), inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, imeshabatizwa "chanjo ya Ukimwi". Ukijaribu kusahihisha unapata majibu ya aina mbili. Mmoja atakuuliza: anachomwa mtu asiyeumwa, kisha haambukizwi, kama hiyo si chanjo, chanjo ni kitu gani? Mwingine, aliyepitapita mtandaoni, atakwambia wanasayansi hawana uso wa kumsahihisha mtu, kwa kuwa wao wenyewe waligeuza maana ya chanjo mwaka 2021 ili chanjo za Uviko-19 ziweze kuitwa hivyo.

Wote wawili nadhani wanakosea, na kosa lao ni moja: wanaipima chanjo kwa matokeo. Ikikinga sana ni chanjo, ikikinga kidogo ni ujanja wa maneno. Hoja yangu ni kwamba jina hili, katika safari yake yote ya zaidi ya miaka 200, halikutolewa kwa sababu ya ufanisi, wala kwa sababu ya sindano, wala kwa idadi ya dozi. Limekuwa likifuata swali moja: nani anayetengeneza kinga? Ikitengenezwa na mwili wa mtu mwenyewe baada ya kuonyeshwa adui, hiyo ni chanjo. Ikiletwa na kitu cha nje kinachofanya kazi mwilini mpaka kiishe, ni dawa, hata iwe nzuri kiasi gani. Kwa kipimo hicho lenacapavir, iliyozuia karibu maambukizi yote katika majaribio, si chanjo. Na chanjo ya malaria, inayozuia sehemu tu ya ugonjwa, ni chanjo kamili. Naandika haya kwa sababu tofauti hiyo itamgusa kila atakayeikosa tarehe ya sindano yake ya pili.

Tuanze na Kiswahili, maana mkanganyiko wetu una mizizi yake hapa nyumbani. Kuchanja ni kupasua au kukata. Mtu huchanja kuni, huchanja mbuga akiwa na safari ndefu, na mganga humchanja mteja chale kifuani au kwenye viungo, kisha akasugua dawa ndani ya mikato ile midogo. Watu waliotaka kuwa ndugu walichanjiana. Katika matumizi hayo ya mwilini, kinachopitishwa kwenye ngozi hukaa ndani na kulinda: dhidi ya uchawi, nyoka, adui, usaliti wa rafiki. Kwa hiyo alipokuja mtu wa hospitali na dawa ya ndui, akakwaruza mkono kwa ncha ya chuma na kupaka ute wake pale palipokwaruzwa, hapakuwa na haja ya kuketi na kuunda istilahi. Kitendo kilikuwa kilekile, na ahadi ilifanana. Neno "chanjo" likaingia kliniki likiwa na mambo mawili ndani yake: dawa inayopita kwenye ngozi, na ulinzi usio na nusu nusu, kwa sababu hakuna mganga anayemwambia mteja kwamba chale zake zitafanya kazi kwa asilimia 36.

Ndiyo maana simlaumu anayeiita lenacapavir chanjo. Kiswahili chake hakina kasoro. Amerudi kwenye maana ya zamani kabisa: kitu kimewekwa chini ya ngozi, kinakaa humo, kinamlinda. Ukiutazama utaratibu wenyewe, dawa hii inafanana na chale za mganga kuliko inavyofanana na chanjo ya surua. Tatizo ni kwamba kliniki imekuwa ikilitumia neno hilohilo kwa maana nyingine kwa miaka mingi, na maana hizi mbili hazijawahi kugongana kwa kishindo mpaka sasa.

Huko Ulaya neno lilitokea zizini. Tarehe 14 Mei 1796, daktari wa kijijini Uingereza, Edward Jenner, alichukua ute kwenye kidonda cha mkono wa Sarah Nelmes, msichana mkamua maziwa aliyekuwa ameambukizwa ndui ya ng'ombe, akaupandikiza kwenye mkono wa James Phipps, mtoto wa miaka 8 ambaye baba yake alikuwa mtunza bustani wake. Baadaye alimtia mtoto huyo ndui yenyewe ya binadamu, jambo ambalo leo lingemfikisha mahakamani, na mtoto hakuugua. Mwaka 1798 Jenner alichapisha matokeo yake akiita ugonjwa ule kwa Kilatini variolae vaccinae, yaani ndui ya ng'ombe, kutokana na vacca, ng'ombe. Jina la kitendo, vaccination, lilizaliwa hapo. Yaani ukilichukua neno la Kiingereza au Kifaransa kwa asili yake, kuchanjwa ni "kung'ombeshwa". Na hata ng'ombe mwenyewe ana utata: uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba virusi vilivyotumika duniani kote kuchanja ndui vilikuwa karibu zaidi na ndui ya farasi.

Kabla ya Jenner kulikuwa na desturi ya kale zaidi, ya kumchanja mtu kwa usaha wa ndui halisi ili augue kidogo na asiugue tena. Ilijulikana Uchina, India, Uturuki na sehemu kadhaa za Afrika. Mji wa Boston, Marekani, uliipata kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Onesimus, aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao alikuwa amechanjwa na kwamba kinga ile ni ya maisha. Ndui ilipoupiga mji huo mwaka 1721, Mather alimshawishi daktari Zabdiel Boylston ajaribu. Kati ya waliochanjwa walikufa takriban 2 katika kila 100; kati ya walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida walikufa takriban 14 katika kila 100. Wenyeji wa Boston walimzomea Boylston barabarani. Namtaja Onesimus kwa sababu moja: alichokieleza kilikuwa chanjo kwa maana zote mbili kwa pamoja. Kulikuwa na mkato kwenye ngozi kama wa mganga, na kulikuwa na mwili uliofundishwa kupigana. Mikato na mafunzo vilikuwa bado havijatengana.

Vilitengana kidogo kidogo, na hapa ndipo historia inapotufaa. Mwaka 1881 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alikuwa amegundua namna ya kudhoofisha vijidudu maabara. Mwezi Mei na Juni mwaka huo, katika shamba moja la Pouilly-le-Fort nchini Ufaransa, aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya mashahidi. Kondoo wasiochanjwa wakafa, waliochanjwa wakabaki wamesimama. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa matabibu jijini London, alipendekeza neno la Jenner litanuliwe lihusu kinga ya namna hii kwa ugonjwa wowote, kama heshima kwa Mwingereza huyo. Ng'ombe akatolewa kwenye neno siku hiyo. Miaka minne baadaye, Julai 1885, Pasteur alimchoma sindano Joseph Meister, mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na sharti jingine likaanguka: kumbe chanjo inaweza kutolewa hata baada ya kuambukizwa, mradi ugonjwa uwe mzito wa miguu kiasi cha kuuacha mwili ujifunze kabla haujafika kwenye ubongo. Mpaka leo mtu akiumwa na mbwa anachanjwa baadaye, na hakuna anayesema hiyo si chanjo.

Miaka ya 1920 Gaston Ramon, pia wa Ufaransa, alionyesha kwamba sumu ya kijidudu ikizimwa kwa formalini na joto inaweza kuufundisha mwili bila kijidudu chenyewe kuwapo. Chanjo ya pepopunda anayopewa mama mjamzito inatokana na njia hiyo. Kisha yakaja matone ya polio: hakuna sindano, hakuna mkato, hakuna hata tone la damu, mtoto anafungua mdomo na kumeza, na bado sote tunasema amechanjwa. Kiswahili kilikubali hilo bila kelele, ingawa kitenzi chenyewe kinasema kukata! Chanjo ya HPV wanayopewa wasichana ni maganda matupu yanayofanana na virusi lakini hayana kitu ndani. (Tumezoea kuiita "chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi", ingawa inachofundisha mwili ni kuvitambua virusi, na saratani inazuiwa kwa kuvizuia hivyo.) Chanjo za mRNA zikaondoa hata maganda, zinapeleka maelekezo tu, na seli za mtu zinatengeneza zenyewe kipande cha adui cha kufanyia mazoezi.

Kila mara neno lilipotanuka lilidondosha kitu: ng'ombe, mkato, kijidudu kizima, sharti la kutangulia ugonjwa, hatimaye kijidudu chote. Kitu kimoja hakikudondoka. Katika hatua zote hizo mwili unaonyeshwa sura ya adui, unatengeneza kingamwili (protini zinazomkamata adui huyo) na seli zenye kumbukumbu, na ulinzi unaobaki ni kazi ya mwili huo. Anayetaka kutumia mfano wa Pasteur kusema "kama yeye alilitanua, na sisi tulitanue" anapaswa kuangalia upande alioliendea. Alilifuata jambo linalotokea ndani ya mwili, akaachana na zana na mnyama. Kuiita lenacapavir chanjo ni kwenda upande wa pili, kushika zana na kuacha kinachotokea ndani.

Sasa nije kwa yule wa pili, mwenye hoja ya 2021. Anachosimulia kina ukweli. Kamusi ya Merriam-Webster ilirekebisha maelezo ya neno mwaka huo ili kuingiza teknolojia ya mRNA, na Septemba 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilibadilisha maelezo kwenye tovuti yake. Ya zamani yalisema chanjo huchochea mfumo wa kinga ili mtu apate kinga dhidi ya ugonjwa fulani na alindwe nao. Mapya yakasema ni kitu kinachotumika kuchochea mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya magonjwa. Yalibadilishwa kimyakimya, katikati ya mabishano makali, wakati ambapo watu waliochanjwa walikuwa wakiendelea kuambukizwa. Kwa taasisi inayoomba kuaminiwa, ule ulikuwa uzembe wa mawasiliano, na waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini kutoka hapo kwenda kusema kwamba kabla ya 2021 chanjo ilimaanisha kinga kamili ni kutojua historia, na hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Wajerumani waligundua mapema kwamba kinga ya Jenner inachuja kadiri miaka inavyopita, na sheria yao ya chanjo ya 1874 ililazimisha mtoto achanjwe tena afikapo miaka 12. Pepopunda inahitaji nyongeza. Wengi wetu tuna kovu la BCG mkononi, na kila muuguzi anajua kwamba BCG inamlinda mtoto mdogo na aina kali za kifua kikuu lakini haimhakikishii mtu mzima kwamba hatapata kifua kikuu cha mapafu. Hakuna aliyewahi kuandamana kudai BCG ivuliwe jina. Chanjo ya mafua inabadilishwa kila msimu na bado inaitwa chanjo. Kinga isiyo kamili imekuwa ndani ya neno hili tangu karne ya 19; kilichobadilika 2021 ni kwamba watu wengi zaidi walianza kusoma kamusi.

Na kwetu ushahidi ulio wazi zaidi ulitangulia Uviko-19. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwamo Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, na Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2015: watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne ya ufuatiliaji. Iliitwa chanjo mwaka huo, ikaitwa chanjo Septemba 2019 ilipoanza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza Oktoba 2021. R21, iliyofuata na kupendekezwa Oktoba 2023, imeonyesha matokeo ya juu zaidi katika mwaka wa kwanza, lakini nayo haizuii yote na nayo inahitaji dozi ya nne. Huwezi kusema neno lilipotoshwa kwa ajili ya korona wakati watoto wa Korogwe walishaandikiwa kwenye kadi zao miaka kadhaa kabla.

Turudi kwa lenacapavir, na nitaanza kwa kuisifu maana inastahili. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hii na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU katika matokeo yaliyotangazwa Juni 2024. Katika kundi lililopewa vidonge vya kawaida vya PrEP, yaani dawa anazotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, waliambukizwa 16 kati ya 1,068, hasa kwa sababu kumeza kidonge kila siku ni kazi ngumu kwa mtu asiyeumwa. Marekani iliidhinisha sindano hiyo Juni 2025, na mwezi uliofuata WHO ikaipendekeza kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika Kigali. Ni miongoni mwa habari njema kubwa katika miaka 40 ya janga hili.

Lakini tazama inavyofanya kazi. Dawa inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, na mtu anameza vidonge siku ya kwanza na ya pili ili kiwango cha dawa kwenye damu kipande haraka. Kisha akiba ile ya chini ya ngozi inaachia dawa taratibu kwa miezi sita. Dawa yenyewe inashika ganda linalobeba vinasaba vya VVU, na virusi vinashindwa kukamilisha kazi yao. Mwili haukuonyeshwa chochote. Haujui VVU vina sura gani, haujatengeneza kingamwili hata moja, hauna kumbukumbu. Kipo kipimo cha wazi cha jambo hili ambacho kliniki yoyote inaweza kukishuhudia. Kile kifaa cha kupimia VVU kwa haraka, cha tone la damu la kidole, kinatafuta kingamwili. Katika majaribio ya chanjo halisi za VVU, baadhi ya washiriki ambao hawajaambukizwa walisomeka "chanya" kwenye vifaa vya namna hiyo, kwa sababu miili yao ilikuwa imefundishwa kutengeneza kingamwili hizo. Lenacapavir peke yake haimfanyi mtu asomeke chanya, kwa kuwa mwili wake haujafundishwa lolote.

Kuna jambo ambalo Waswahili wenyewe walishaliamua bila kuitisha kongamano. Mwanamke anayechoma sindano ya uzazi wa mpango kila baada ya miezi mitatu hasemi amechanjwa mimba. Anasema amechoma sindano, na anajua akipitisha tarehe ulinzi umekwisha. Mjamzito anayemeza SP kliniki ili asipate malaria anajua amemeza dawa. Lugha ya kawaida inaijua tofauti. Kinachotuchanganya kwenye lenacapavir ni ukubwa wa ugonjwa na muda mrefu tulioingojea chanjo yake.

Wanaotetea jina "chanjo" wana hoja moja yenye uzito, na nisiiruke. PrEP ya vidonge ilishindwa kwa wengi kwa sababu ya aibu. Chupa yake inafanana na ya dawa za kufubaza virusi. Mwenye nyumba akiiona, mama mkwe akiisikia ikigonga ndani ya mkoba, maneno yanaanza. Neno "PrEP" limebeba harufu hiyo. "Chanjo" ni neno safi: watoto wanachanjwa, mahujaji wanachanjwa, ng'ombe wanachanjwa, hakuna anayeuliza umefanya nini usiku. Kama jina hilo litamleta msichana wa miaka 19 kituoni, kwa nini wasomi wamnyang'anye? Nimeipima hoja hii na ninaiheshimu, lakini naona inalipatia jina sifa ya sindano yenyewe. Aibu inapungua kwa sababu hakuna chupa ya kuficha. Msichana huyo anaweza kuambiwa "sindano ya kinga ya miezi sita" na akarudi nyumbani mikono mitupu vilevile.

Na uongo huo mdogo una gharama, ambayo haitalipwa na wasomi. Anayeamini amechanjwa anaamini mwili wake umebadilika. Akichelewa, ataona amechelewa nyongeza, kama mtu aliyechelewa sindano ya pepopunda. Lenacapavir haiko hivyo. Ikiachwa, haiondoki mara moja: mabaki yake yanaweza kuonekana mwilini kwa miezi 12 au zaidi, yakiwa kidogo mno kuzuia maambukizi lakini yakitosha kuvipa virusi vitakavyoingia nafasi ya kuzoea. Hapo anayejifunza ni adui. Usugu huo wa dawa unaweza kumfuata mtu kwenye matibabu, na kwa nchi nzima ni hasara. Tena kabla ya kila sindano lazima mtu apimwe na kuthibitishwa kuwa hana VVU, sharti ambalo mama anayempeleka mtoto kwenye chanjo ya surua hajawahi kulisikia. Mtu akiamini ni chanjo ataona kipimo hicho ni usumbufu au udhalilishaji. Na wapo wanaotumia rifampicin, dawa ya kifua kikuu ambayo katika nchi zetu iko kila kituo: inapunguza kiwango cha lenacapavir kwenye damu, hivyo mtumiaji huhitaji dozi za ziada. Nani atakumbuka kumtajia mchanjaji dawa zake za kifua kikuu? Mtu anayekwenda kupata dawa ana sababu ya kutaja dawa nyingine anazotumia. Anayekwenda kuchanjwa hana.

Upande wa pili wa sarafu ni malaria. Kwa kuwa maana ya zamani ya chale bado iko hai kichwani mwetu, mzazi anayeambiwa mtoto amechanjwa anategemea ulinzi mzima. Mtoto akipata homa na kipimo kikaonyesha malaria, mzazi ataona ametapeliwa, na dozi ya nne, ambayo tangu mwanzo imekuwa ngumu kufikiwa kwa sababu inakuja mtoto akiwa mkubwa na safari za kliniki zimepungua, haitatolewa. Au kinyume chake: chandarua kitageuzwa uzio wa bustani ya mchicha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajikuta na kazi mbili kwa neno moja, kueleza kwamba hii isiyokinga kila kitu ni chanjo kweli, na ile inayokinga karibu kila kitu si chanjo. Ukipima kwa ufanisi, maelezo hayo ni upuuzi. Ukipima kwa nani anatengeneza kinga, yanaeleweka kwa dakika mbili.

Mpaka wenyewe nakubali una ukungu mahali. Mtu aliyeng'atwa vibaya na mbwa hupewa chanjo pamoja na kingamwili zilizotengenezwa tayari, na kwa kipimo changu hizo za pili si chanjo ingawa zinatoka kwenye trei moja. Watafiti wamezijaribu kingamwili za maabara dhidi ya malaria huko Mali na Siaya. Zikifika sokoni, magazeti yataziita chanjo kesho yake asubuhi, na zitakuwa sindano za kinga ya muda, kama lenacapavir. Kwa upande mwingine, zile zinazotengenezwa kutibu saratani kwa mRNA zinapewa mgonjwa tayari, na bado ni chanjo kwa sababu zinaufundisha mwili wake. Kipimo kinachoweza kupanga vitu vigeni kiasi hicho, nadhani, kinatosha kuaminiwa.

Lenacapavir ya bei nafuu, takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka, inatarajiwa kuanza kupatikana 2027, na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria pamoja na serikali ya Marekani walianza na lengo la kuwafikia angalau watu milioni 2 ndani ya miaka mitatu. Maana yake ni kwamba jina litakaloshika sasa ndilo litakaloandikwa kwenye mabango, kadi na vitabu vya kliniki kwa muda mrefu. Tanzania tayari kuna msemo "dawa kinga" kwa PrEP; Kenya watu wanasema wamedungwa sindano. Lolote kati ya hayo, likiongezewa "ya miezi sita", linatosha, na tarehe ya kurudi inakuwa ndani ya jina lenyewe.

Ipo sababu nyingine ya kuliacha neno "chanjo" likingoja. Jaribio la chanjo za VVU la PrEPVacc, lililofanyika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, lilisitisha uchanjaji Novemba 2023 baada ya kuonekana kwamba chanjo zake hazingeweza kuzuia VVU. Washiriki wengi walikuwa wamechanjwa kweli. Wengine wakitumia PrEP pembeni, kwa kuwa kinga ya chanjo haikuwa na uhakika. Na watafiti hawakuishia hapo. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo lililofanyika Kigali na Johannesburg, ambalo halikukusudia kumkinga mtu yeyote. Lilikusudia kuona kama miili ya washiriki ingechukua hatua ya kwanza tu ya kujifunza kutengeneza kingamwili zinazofaa dhidi ya VVU. Wengi miili yao iliichukua.